Mama anachoma insulini, mtaa unamwita kobe

SWALI: Assalaamu alaykum ustadhi. Mama yangu ana miaka 66, ana sukari mwaka wa 12 huu, anachoma insulini asubuhi na jioni. Ramadhani iliyopita, siku ya 11, saa kumi alasiri alianguka jikoni. Jasho linamtoka, anaongea maneno hayaeleweki, tukamnywesha maji ya sukari ndiyo akarudi. Daktari wa kliniki akamkataza kufunga kabisa. Mama akaacha siku ile na zote zilizofuata, jumla 20, lakini nimegundua anazilipa kwa siri Jumatatu na Alhamisi, kashafikisha nne. Majirani hapa Mbagala wanasema daktari mwenyewe si Muislamu, na shoga yake kamwambia usoni, kobe ni kobe tu, yaani mla mchana wa Ramadhani. Sasa Shaaban imeingia, analia, anasema bora afe na saumu yake. Afunge? Au nimfungie mimi? Au nilishe masikini 60? Na mimi nina deni: mwaka juzi nikiwa na mimba nilikula siku 18 kwa sababu walisema mtoto hakui vizuri tumboni, na mwaka jana nikinyonyesha nilikula mwezi mzima maana maziwa yalikuwa yanakata, ila siku sita kati ya hizo nilikuwa kwenye hedhi. Sijalipa hata moja. Mume wangu ni kuli Kariakoo, naye anauliza kama kazi yake ni udhuru.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nianze na lisilongoja. Mama asifunge, na hizo siku 20 asizilipe kwa kufunga. Kama leo unaposoma hapa ni Jumatatu au Alhamisi, weka simu chini ukamwangalie. Kama kafunga, mpime kidole, halafu mpe chakula. Mengine tutayazungumza akiwa ameshiba.

Sasa tukae. Umeandika barua moja lakini ndani yake mna watu watatu, na kila mmoja ana hukumu yake. Sisi tuliosoma chuo zamani huku Temeke tulikaririshwa Safina, kitabu cha fiqhi ya Shafi, kwa bakora, na mlango wa funga ulikuwa unatutoa jasho kwa sababu unagawa waliokula mchana mafungu manne: kuna anayelipa siku na kutoa fidia, yaani chakula cha masikini kwa kila siku, kuna anayelipa siku tu, kuna anayetoa fidia tu, na kuna asiyedaiwa chochote, naye ni mwendawazimu ambaye hakujitakia wazimu wake. Mwalimu alikuwa akikunyooshea kidole ghafla: "Mzee asiyejiweza?" Ukichelewa kujibu, unajua mwenyewe. Basi nyumba yenu imejaza mafungu matatu ya kwanza. Wewe ni wa kulipa na kutoa fidia. Mume wako, ikimfika shida, ni wa kulipa tu. Mama ni wa fidia tu. Yote nitakayosema ni kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata watu wa pwani, na penye tofauti ya maana nitakuonyesha.

Tumalize kwanza la mama, kwa sababu ndiye anayelia.

Kosa ninalokutana nalo kila mwaka ni watu kubadilishana mafungu. Kijana aliyelazwa na malaria siku tano anatoa kilo za mchele, anafuta mikono, anasema nimemaliza. Hajamaliza. Yule kapona, anadaiwa siku tano. Na bibi kizee mwenye maradhi yasiyotoka anakaa miaka na deni la siku 60, 90, 120, kila mwaka linaongezeka, anakufa nalo moyoni. Yule hakuwa na deni la siku hata moja. Swali la kujiuliza kabla ya yote ni moja: maradhi haya, kwa desturi, yanatarajiwa kuisha hadi mtu aweze kufunga? Yakitarajiwa, subiri upone ulipe. Yasipotarajiwa, funga inaondoka shingoni na mahali pake panakaa fidia, siku kwa siku. Sukari ya miaka 12, ya mtu wa miaka 66 anayechoma insulini mara mbili na aliyekwisha kuanguka, haina kusubiri kupona kwa namna hiyo.

Kuna watu wa nchi za kaskazini wenye mwanya ambao sisi hatuna. Kule mgonjwa anaweza kushindwa Ramadhani ya kiangazi yenye mchana mrefu, akalipa siku fupi za baridi. Kwetu Dar mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni hautofautiani hata saa nzima. Kama mama hawezi mwezi huu, hataweza na miezi mingine. Ndiyo maana Jumatatu na Alhamisi zake hazina salama yoyote kuliko Ramadhani yenyewe. Ni alasiri ileile iliyomwangusha, ila safari hii hakuna anayejua kwamba kafunga, kwa hiyo hakuna wa kumkimbizia maji ya sukari.

Najua watamsomea aya. Katika Suratul Baqara, aya ya 184, baada ya Mwenyezi Mungu kumtaja mgonjwa na msafiri, yapo maneno kwamba kufunga ni bora kwenu. Shoga yake atayashika hayo tu. Lakini maneno hayo anaambiwa mwenye uwezo wa kuchagua, si ambaye funga inamwangusha. Aya inayofuata, ya 185, inamtaja tena mgonjwa na msafiri, mara ya pili, kisha inasema Mwenyezi Mungu anakutakieni wepesi wala hakutakieni uzito. Aya mbili zinafuatana, na ruhusa imerudiwa ndani yake mara mbili. Na Ibn Abbas, katika riwaya ya Bukhari, alisema hukumu ya fidia iliyomo humo inabaki kwa mzee wa kiume na mzee wa kike wasioweza kufunga, wamlishe masikini kila siku mahali pa funga.

Tena kwa hali ya mama, kula si hiari. Mgonjwa ambaye funga inamletea tabu tu anaruhusiwa kula. Mgonjwa anayehofia kufa au kuharibikiwa na kiungo inamlazimu kula, na akifunga anapata dhambi kwa kufunga kwake, kwa sababu Mwenyezi Mungu amesema msijiue, katika Suratun Nisaa aya ya 29. Mama anaposema bora afe na saumu yake, mwambie taratibu, ukiwa umemshika mkono: saumu hiyo ya kufa nayo hakuna aliyemwamrisha.

Msimulie na hili, wazee hupenda visa vya kweli. Mwaka wa 8 Hijria Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alitoka Madina kwenda kuikomboa Makka, na ilikuwa Ramadhani. Alifunga, na watu wakafunga pamoja naye, mpaka walipofika mahali panapoitwa Kuraa al-Ghamim. Akaambiwa funga imewawia watu nzito, nao wanamtazama yeye atafanya nini. Baada ya alasiri akaomba chombo cha maji, akakinyanyua juu mpaka watu wakakiona, akanywa. Kisha akaletewa habari kwamba wapo walioendelea na funga. Akasema, hao ndio waasi, hao ndio waasi. Imo katika Sahihi Muslim. Zilikuwa zimebaki saa chache tu kufika magharibi, nao waliofunga walidhani wanaongeza uchamungu.

Kuhusu daktari si Muislamu. Hao majirani hawakuzua. Vitabu vya zamani vya madhehebu yetu vinataja tabibu Muislamu mwadilifu. Lakini baadhi ya vitabu hivyohivyo vinasema mgonjwa akijijua kwa uzoefu wake mwenyewe inatosha. Mama kajijua sakafuni jikoni, unataka ushahidi gani tena? Ondoa madaktari wote, hukumu inabaki palepale. Halafu wanazuoni wengi wa zama zetu wanatazama mambo mawili, ujuzi na uaminifu katika kazi. Mtume alipohama kwenda Madina, na makuraishi wanamtafuta wamuue, aliyemwajiri kumwonyesha njia alikuwa Abdullah bin Uraiqit, ambaye siku hiyo hakuwa Muislamu. Alimkabidhi roho yake kwa sababu alikuwa anaijua njia na hana khiyana.

Na hao wanaotoa fatwa barazani wakumbushwe kisa cha sahaba aliyepigwa jiwe kichwani safarini. Usiku akapatwa na janaba, akauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hatuoni ruhusa kwako, na maji unayo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume alikasirika, akasema wamemuua, kwa nini wasiulize kama hawajui, hakika dawa ya kutojua ni kuuliza. Ameipokea Abu Daud.

Nisieleweke kwamba kila mwenye sukari asifunge. Hapo ningekuwa nimekosea upande wa pili. Jirani yenu anayekunywa vidonge tu, sukari yake imetulia, hajawahi kuanguka, huyo aende kliniki mapema aulize. Wengi wa aina hiyo hufunga salama baada ya daktari kuwabadilishia saa za dawa. Mapema maana yake wiki sita hadi nane kabla, yaani Rajabu, si usiku wa kuvunja jungu. Wataalamu wa sukari wana mizani yao ya kupima hatari ya kila mgonjwa, wanatazama miaka ya maradhi, aina ya dawa, figo, na kama aliwahi kushukiwa na sukari. Hatari yenyewe si ya kubuni: uchunguzi uliofanywa katika nchi 13 zenye Waislamu wengi na kuchapishwa 2004, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba kwa wenye sukari ya aina ya pili, ambayo ndiyo ya wazee wengi, kushuka kwa sukari kwa kiwango cha kulazwa hospitali kuliongezeka mwezi wa Ramadhani mara saba na nusu.

Anayefunga kwa idhini ya daktari ajue na hili: kipimo cha kidole hakivunji funga, na sindano ya insulini haivunji, kwa sababu haiingii tumboni wala si chakula. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1997 likapitisha hivyo kwa sindano zisizo za lishe, na kwa damu ya kupimwa pia. Nasema kwa sababu naona watu wanaogopa kujipima mchana, wakingoja magharibi ndipo wajue wamefikia wapi. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, au juu ya 16.6, fungua palepale, hata kama muadhini anakohoa tayari kuadhini. Utalipa siku nyingine.

Tuje kwenye fidia. Kwa Kiarabu kipimo chake ni mudi moja kwa kila siku, na wazee wetu waliita kibaba. Vibaba vinne ni pishi, na ndiyo maana zaka ya fitri, ambayo ni pishi moja, inaizidi fidia mara nne. Siku hizi hakuna mwenye kibaba dukani, kila mtu ana mizani. Kibaba cha mchele ni kama gramu 600 hivi. Ukitoa robo tatu ya kilo umetoka kwenye shaka. Wapo wanaosema kilo moja na nusu kwa siku, hao wanafuata kauli ya nusu pishi, ya madhehebu mengine. Mwenye nafasi akitoa hiyo ni kheri, lakini asimlazimishe asiye nayo.

Fanya hesabu basi. Ramadhani inayokuja, siku 30 kwa robo tatu ya kilo, ni kilo 22 na nusu. Mfuko mmoja wa kilo 25 unamaliza na unabaki. Siku 20 za mwaka jana ni kilo 15. Zile nne alizofunga Mwenyezi Mungu azipokee, ila nimeziingiza katika hesabu ili moyo wake usirudi kuuliza.

Kinachotolewa ni chakula kikuu cha watu wa mji, kwa Dar mchele unatosha, na unga wa sembe unatosha. Apewe fakiri au masikini. Vibaba vyote 30 anaweza kupewa mtu mmoja, hilo halina tatizo, lakini kibaba kimoja kisigawanywe kwa wawili. Asipewe mtu ambaye kulishwa kwake ni wajibu wa mama. Pesa taslimu kwa madhehebu yetu hapana, Hanafi wanaikubali. Na sahani ya ubwabwa uliopikwa kuna ikhtilafu, maana Shafi wanataka masikini amilikishwe nafaka yake. Mimi nakushauri utoe mchele mkavu, kila upande wa ikhtilafu utaridhika.

Usitoe wote kabla mwezi haujaandama. Hapa wengi wanakosea kwa wema, wanataka kumaliza mapema. Fidia ya siku inatoka usiku wa siku hiyo au baada ya alfajiri yake, kama deni ambalo halijaiva huwezi kulilipa. Kuchelewesha hadi mwisho wa mwezi na kutoa kwa pamoja kunafaa. Kama mama hana pesa, unaweza kumtolea wewe, lakini mwambie kwanza, akubali. Ni ibada yake na inataka nia yake.

Kumfungia, hapana. Hadithi ya walii kumfungia ndugu yake, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inamhusu aliyekufa na deni la funga. Aliye hai hafungiwi na mtu, kama asivyoswaliwa swala zake tano. Tena mama hana deni la funga, hivyo hata huko mbele, Mungu ampe umri, hakuna cha kumfungia.

Na masikini 60 sijui nani anaitia hii kwenye vichwa vya watu kila mwaka. Hiyo ni kafara, si fidia. Kafara inamhusu aliyeharibu funga yake kwa tendo la ndoa mchana wa Ramadhani kwa kusudi: kuacha huru mtumwa, akikosa afunge miezi miwili mfululizo, akishindwa ndipo alishe masikini 60. Mama yetu mgonjwa wa miaka 66 yuko mbali na mlango huo.

Likitokea la ajabu, mama akapona mwakani kabisa akaweza kufunga, zile alizotolea fidia hazirudii. Ziliisha siku ile.

Sasa wewe. Nitakuwa mkali kidogo, nivumilie.

Mjamzito na mnyonyeshaji wote wana udhuru, na sababu ya hofu ndiyo inayoamua. Akihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, analipa siku tu. Akihofia mtoto peke yake, yeye mwenyewe hana shida, analipa siku na anatoa kibaba kwa kila siku. Kwa maelezo yako hofu yote ilikuwa ya mtoto: hakui tumboni, kisha maziwa yanakata. Basi siku 18 na siku 24 ni 42, hizo zina kulipa na fidia. Siku sita za hedhi zina kulipa tu, hazina kibaba, kwani siku hizo hukuacha kwa ajili ya mtoto. Hata ungetaka kufunga ni haramu. Jumla unadaiwa siku 48 na vibaba 42, ambavyo ni kilo 31 na nusu. Hanafi hawadai fidia hapo, wanadai siku tu. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas na Ibn Umar kwamba fidia inatosha bila kulipa. Utaisikia sana kauli hiyo kwa sababu ni nyepesi. Sikukatazi kuijua, lakini wengi wa maimamu hawakuichukua, nami siitolei fatwa kwa mwanamke mwenye afya ambaye mtoto wake sasa anakula ugali.

Ukali wangu uko hapa. Kuchelewa kwa mwaka wa kwanza una haki: mimba, uzazi, nifasi, kunyonyesha, hukupata nafasi. Lakini tangu mtoto aanze kushiba chakula ulikuwa unaweza, na hukulipa hata moja. Safina, nilipokutajia mafungu, ina mafungu mengine manne ya hukumu ya kula kwenyewe: kula kwa wajibu, kwa mwenye hedhi na nifasi, kula kwa ruhusa, kwa mgonjwa na msafiri, kusiko wajibu wala ruhusa, kwa mwendawazimu, na kula kwa haramu, kwa aliyechelewesha deni huku anaweza mpaka muda ukambana. Muda umekubana, dada yangu. Siku 48 haziingii katika Shaaban. Zile ulizoweza kuzilipa ukaacha mpaka Ramadhani ikaingia, kila moja itaongezewa kibaba cha kuchelewesha. Hanafi hawaoni kibaba hicho, lakini jumhuri ya maulamaa wanakiona.

Kwa hiyo anza kesho. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alisema alikuwa na deni la Ramadhani na hakuweza kulilipa ila Shaaban, basi uko katika mwezi wenye mfano. Utasikia mtu anasema ikipita nusu ya Shaaban hakuna kufunga. Hiyo ni kwa sunna za kujitolea. Deni linafungwa mpaka siku ya mwisho. Si lazima zifuatane. Nia itiwe usiku, kabla ya alfajiri.

Mumeo nitamjibu kwa ufupi kwa sababu jibu lake ni la vitendo. Kazi nzito peke yake haimfanyi aamke akanywe chai na chapati saa mbili asubuhi kama siku zote. Maulamaa wetu walilizungumza hili kwa wavunaji mashambani, na kuli hana tofauti nao: atie nia usiku, ale daku, aamke amefunga, aende kazini. Mchana ikimfika shida ya kweli, kizunguzungu, miguu inakataa, anahofia kuanguka na gunia, afungue kwa kiasi cha kuondoa shida ile, na siku hiyo atailipa bila fidia. Kesho yake atie nia tena. Masharti ni kwamba kazi haiwezi kuhamishwa, na akiiacha nyumba inalala njaa. Kama tajiri wake anakubali mizigo ishushwe usiku baada ya tarawehe, aombe zamu ya usiku, hapo udhuru umeondoka. Namfahamu mpagazi mmoja aliyeniambia alijiwekea nia ya kufika adhuhuri tu, kila siku, na mwezi ukaisha kafungua siku tatu. Siku nyingine 27 mwili ulimshangaza.

Yaliyobaki ambayo hukuuliza nayagusia kwa sababu najua barua hii itasomwa na wengine. Msafiri anayekwenda Tanga au Morogoro amepita masafa, ambayo ni kilomita 81 na zaidi kidogo. Wa Kibaha na Bagamoyo hajafika. Kwa Shafi awe ameshautoka mji kabla ya alfajiri ndipo siku hiyo ale. Aliyeamka amefunga kwake kisha akapanda basi saa mbili anaikamilisha. Asiyepata tabu safarini, kufunga ni bora kwake. Mwenye selimundu aliyebaleghe asipelekeshwe na aibu, upungufu wa maji mwilini ni moja ya yanayoamsha maumivu yake, na daktari wake asikilizwe kama wa mama alivyopaswa kusikilizwa. Na vidonda vya tumbo: viko vya kweli, vyenye damu, na wenye navyo wana udhuru. Lakini Dar hii kila ikifika Shaaban naona vinavyozaliwa kwa wingi. Maumivu ya kichwa ya aliyekosa sigara na kahawa si maradhi, yanaisha baada ya siku chache.

Nirudi kwa mama, maana hukumu ameipata, lakini kile kilio hakitokani na hukumu. Mtu aliyefunga miaka 50 na ushei anaona mwezi unampita. Shoga yake kamwita kobe, jina la mla mchana anayejificha, na limemchoma kwa sababu amekuwa akijificha kweli, ila yeye amejificha kufunga. Ni sunna mwenye udhuru asile mbele za watu, asitiliwe shaka, basi ale ndani na mlango umerudishwa, akiwa na amani. Mkumbushe Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka 10. Alipozeeka, mwaka mmoja au miwili hakufunga, akawa anamlisha masikini kila siku mkate na nyama. Bukhari ameitaja habari hiyo. Hakuna aliyemwita Anas jina lolote.

Halafu fanya hivi. Nunua ule mfuko wa kilo 25 kabla mwezi haujaandama, uweke chumbani kwake, si jikoni kwako. Tafuta kikombe kinachobeba robo tatu ya kilo, kipime kwenye mizani ya duka mara moja uweke alama. Kila jioni baada ya magharibi, ninyi mkiwa kwenye tende na uji, yeye achote kikombe kimoja kwa mkono wake, atie nia ya fidia ya siku inayoingia, akimimine kwenye mfuko wa yule masikini. Mpe yeye na kazi ya kumchagua nani atapewa. Wallahu aalam.